Mwaka mmoja wa daktari, wiki 11 za mgonjwa

*Kabla ya kumpasua mgonjwa wa saratani ili kumpunguzia mateso, daktari hulazimika kukadiria siku alizobakiwa nazo. Tafiti zinaonyesha makadirio hayo mara nyingi huwa marefu kuliko maisha yenyewe. Familia ifanye nini na namba inayopewa?*

Cherehani ya mjomba wangu ilikaa kwenye kibaraza cha duka moja mtaani Satellite, Nairobi, hatua chache kutoka Barabara ya Naivasha. Julai, wiki mbili baada ya kupasuliwa, alirudi kuketi nyuma yake. Shati lilikuwa likimpwaya mabegani, lakini tepu ya kupimia ilikuwa shingoni kama siku zote. Mezani palikuwa na daftari la oda. Alikuwa amekubali kushona sare za shule za Januari.

Hakuwa anajidanganya. Aliuliza hospitalini, akajibiwa. Daktari alimweleza kwamba uvimbe uliokuwa umeziba mdomo wa chini wa tumbo haukuweza kuondolewa. Alichofanya ni kuunganisha tumbo na utumbo ili chakula kipate njia nyingine ya kupita. Mjomba alipotaka kujua amebakiwa na muda gani, aliambiwa ni kama mwaka mmoja.

Aliupanga mwaka huo kama afanyavyo fundi akitandika kitambaa mezani. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kazi, ili karo ya kitinda mimba isikwame. Desemba angekwenda nyumbani Vihiga kuwaonyesha wanawe mpaka wa shamba, na kumaliza neno lililokuwa kati yake na kaka yake kwa miaka mingi.

Aliishi wiki 11 tangu siku ya upasuaji. Vihiga alikwenda Septemba, ndani ya jeneza.

Siandiki haya kumshtaki daktari yule. Upasuaji wake ulifanya kazi iliyokusudiwa: kwa wiki saba mjomba alikunywa uji na kula ugali laini bila kutapika, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu Aprili. Lakini ile namba moja, mwaka mmoja, ilitunyang'anya Desemba. Nilitaka kujua kama ilikuwa bahati mbaya yetu peke yetu.

Upasuaji usiolenga kuponya

Watu wengi hudhani mgonjwa wa saratani anapoingizwa chumba cha upasuaji, anakwenda kutolewa ugonjwa. Si kila mara. Upo upasuaji ambao tangu mwanzo daktari anajua hautaponya, na anaufanya ili mgonjwa aweze kumeza, kwenda haja, kupumua au kulala bila maumivu.

Huu ni sehemu ya tiba shufaa, yaani matunzo yanayolenga nafuu ya mgonjwa wakati ugonjwa wenyewe hauwezi kuondolewa. Utumbo ulioziba hupasuliwa njia ya haja kwenye ngozi ya tumbo. Umio uliobanwa na uvimbe huwekwa stenti, kijibomba cha waya kinachotanuka na kufungua njia ya chakula. Mfupa uliotafunwa na saratani hutiwa chuma ili usivunjike.

Nchini Kenya kazi hii haikosi wagonjwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kuwa mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipata saratani, na zaidi ya 27,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wengine baada ya miezi ya dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa la mtaani.

Katika Hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, ambako saratani ya umio imewasumbua watu kwa miaka mingi, madaktari wamewawekea stenti mamia ya wagonjwa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2009 katika jarida la Lancet Oncology. Watu waliokuwa wakishindwa hata na maji walirudi kula.

Nje ya Kenya, hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilifuatilia wagonjwa 823 waliofanyiwa matibabu 1,022 ya aina hii, ikatoa ripoti mwaka 2004. Asilimia 80 walipata nafuu ya tatizo lililowapeleka. Lakini asilimia 11 walikufa ndani ya siku 30, na nusu ya wagonjwa wote hawakufikisha siku 194.

Hapo ndipo penye uzito. Nafuu ipo na hatari ipo, na kati yake pana muda mfupi ambao lazima ukadiriwe.

> Nafuu ipo na hatari ipo, na kati yake pana muda mfupi ambao lazima ukadiriwe.

Namba inayoelekeza kisu

Kuna anayeweza kusema: siku za mtu za nini? Daktari amtibu, mengine amwachie Mungu. Lakini mpasuaji hawezi kulikwepa swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua afanye nini.

Chukua tatizo lilelile la mjomba. Tumbo lililoziba linaweza kufunguliwa kwa stenti inayopitishwa mdomoni, au kwa upasuaji wa kuliunganisha na utumbo. Watafiti wa Uholanzi walilinganisha njia hizi mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Stenti iliwawezesha wagonjwa kula mapema zaidi, lakini baadaye iliwaletea matatizo ya kuziba tena. Upasuaji ulichelewa kuleta nafuu, lakini nafuu yake ilidumu. Ushauri wao ulikuwa kwamba anayetarajiwa kuishi miezi miwili au zaidi apasuliwe, na aliye chini ya hapo awekewe stenti.

Mgonjwa ambaye saratani imemshukia kwenye uti wa mgongo naye hupimwa kwa mizani hiyo. Kwa kawaida upasuaji mkubwa wa mgongo hushauriwa kwa anayetarajiwa kuishi angalau miezi mitatu, kwa kuwa kupona kidonda chenyewe huchukua wiki nyingi.

Daktari akikadiria kupita kiasi, mgonjwa anaweza kuzimaliza siku zake za mwisho wodini akiuguza mshono. Akikadiria chini mno, mtu ambaye angetembea mwaka mzima ataachwa kitandani. Hakuna upande usio na gharama.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 2000, Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha katika jarida la BMJ utafiti ambao madaktari wanauzungumzia hadi leo. Waliwauliza madaktari 343 wa eneo la Chicago, Marekani, kila mgonjwa wanayempeleka hospisi, yaani huduma ya tiba shufaa, ataishi muda gani. Wagonjwa walikuwa 468. Kisha wakasubiri.

Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalizidi na asilimia 17 yalipungua. Kwa jumla, madaktari waliwapa wagonjwa muda uliozidi mara tano ule walioishi.

Miaka mitatu baadaye, Paul Glare na wenzake walikusanya tafiti nane zilizohusu wagonjwa wa saratani 1,563. Katikati ya makadirio ya madaktari ilikuwa siku 42, ya maisha yenyewe siku 29. Hata hivyo, walibaini kuwa madaktari hawabahatishi tu. Mgonjwa ambaye daktari alimwona ana muda mrefu, kwa kawaida aliishi zaidi ya yule aliyemwona ana muda mfupi. Mpangilio waliupatia, urefu ukawapotea.

Tafiti hizi zilihusu madaktari wa fani mbalimbali. Mpasuaji ana sababu zake za ziada za kukosea. Mtu aliyetumia saa nne kufungua njia ya chakula ya mgonjwa ni vigumu akubali kwamba kazi yake itadumu wiki chache. Tena waliofika mezani kwake ni wale waliochaguliwa kwa kuwa bado wana nguvu kidogo, kwa hiyo jicho lake limezoea wenye nguvu.

Lipo jambo moja katika utafiti wa Chicago lililonigusa zaidi. Daktari aliyemjua mgonjwa kwa muda mrefu ndiye aliyekosea zaidi. Upendo hurefusha kipimo. Sisi tuliokaa na mjomba tulifanya vivyo hivyo: kila alipomaliza bakuli la uji tulimwongezea mwezi.

> Daktari aliyemjua mgonjwa kwa muda mrefu ndiye aliyekosea zaidi. Upendo hurefusha kipimo.

Matatu ya abiria 14

Hata namba sahihi inaweza kumpotosha mtu asipoelezwa maana yake. Daktari anaposema "mwaka mmoja", mara nyingi anataja namba ya katikati: nusu ya wagonjwa wa aina hiyo hawafikishi mwaka, nusu wanaupita.

Fikiria matatu ya abiria 14 inayoondoka Satellite kwenda mjini. Mmoja anashuka Dagoretti Corner, hata kiti hakijapata joto. Wengine wanashuka Junction. Ikifika Prestige, saba wameshashuka na saba wamebaki. Hapo ndipo katikati ya safari za abiria wale. Lakini ukimwambia kila mmoja kwamba safari yake inaishia Prestige, utakuwa umewadanganya karibu wote. Yupo atakayefika mjini na kuunganisha gari la Thika.

Mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aliugua mwaka 1982 saratani ambayo namba yake ya katikati ilikuwa miezi minane. Aliishi miaka 20, akafa kwa saratani nyingine. Miaka mitatu baada ya kuugua aliandika makala kueleza kwamba namba ile haikuwa hukumu yake. Ilikuwa steji moja tu njiani.

Nchini Australia, Belinda Kiely na Martin Stockler wa Chuo Kikuu cha Sydney wamelifanya wazo hilo kuwa hesabu ambayo daktari yeyote anaweza kuifanya kichwani. Chukua makadirio ya daktari. Mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi ataishi robo ya muda huo au chini yake. Karibu nusu wataishi kati ya nusu yake na mara mbili yake. Mmoja kati ya kumi hivi ataishi mara tatu au zaidi.

Nilipofanya hesabu hiyo kwa mwaka mmoja wa mjomba, niliiweka kalamu chini. Robo ya mwaka ni miezi mitatu. Wiki 11 ziko ndani yake. Yawezekana daktari hakukosea hata kidogo, na mjomba alikuwa yule abiria wa Dagoretti Corner. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kituo hicho nacho kipo njiani.

Kusema au kunyamaza

Madaktari wenyewe hawakubaliani juu ya namba. Wako wanaoona kumtajia mgonjwa miezi ni kumvunja moyo, na kwamba aliyevunjika moyo huacha kula na kutembea. Wengine wanasema aliyefichwa hunyang'anywa haki ya kupanga mambo yake.

Familia nazo zimegawanyika. Katika nyumba nyingi za Nairobi, kifungua mimba humfuata daktari korido na kumwomba asimwambie mzee. Anafanya hivyo kwa huruma. Lakini mzee naye anajua kuna kitu, kwa sababu wageni wameongezeka na sauti zimeshuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi mara nyingi anayeficha si mgonjwa.

Upande wa imani pia una hoja yake: siku za mtu anazijua Mungu peke yake. Hakuna daktari mwenye busara atakayelipinga hilo. Lakini dini hizohizo humtaka mtu aandike wosia, alipe deni na aombe radhi angali hai. Hayo yote yanahitaji kujua kwamba muda umekaribia.

Sheria imechukua upande. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Kinataka pia, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Sheria inaruhusu kumzuilia habari za hali yake pale tu panapokuwa na ushahidi mzito kwamba kumwambia kutakuwa kinyume cha maslahi yake.

Kenya imewahi kuona faida ya kusema. Februari 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alijitokeza hadharani na kusema ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo, akiwa na miaka 41. Kwa miezi hiyo mitano watu wake walijua wanaishi na nani na kwa hali gani.

Kupima kwa vipimo vingi

Madaktari hawajakaa tu. Tangu miaka ya 1940, David Karnofsky alipobuni kipimo chake, imejulikana kwamba swali bora la kuanzia ni hili: mgonjwa anafanya nini mchana kutwa? Anayejipikia na kutoka nje ana muda tofauti na anayeshinda kitandani. Kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, kukosa pumzi na maji kujaa tumboni ni ishara zinazosema mengi.

Mwaka 1999 watafiti wa Italia waliunganisha ishara kama hizo, chembe nyeupe za damu na makadirio ya daktari mwenyewe kuwa alama moja. Jicho la daktari halikutupwa, liliwekewa wenzake wa kulirekebisha. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kipimo kama hicho, PiPS-B, kinamshinda daktari au muuguzi akikadiria peke yake. Wawili hao wakiketi pamoja na kukubaliana, hakiwashindi.

Somo hilo halihitaji mashine. Muuguzi anayembadilisha mgonjwa shuka usiku anaona ambayo mpasuaji wa saa mbili asubuhi haoni. Aulizwe.

Tena muda si kitu pekee cha kupima. Utafiti wa SWOG, mtandao wa watafiti wa saratani, uliochapishwa mwaka 2023, wa wagonjwa walioziba utumbo kwa saratani, uliuliza swali ambalo mjomba angelipenda: kati ya siku 91, ni ngapi mtu alikuwa hai na nje ya hospitali? Waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakutofautiana. Nafuu ya dalili ndiyo iliyoelekea kidogo upande wa upasuaji.

Kwa mkazi wa Satellite, msaada hauko mbali. Kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta ipo Nairobi Hospice, inayotoa tiba shufaa tangu mwaka 1990. Ukipanda matatu Barabara ya Ngong, unaipita Nairobi Funeral Home, ambayo wengi bado tunaiita City Mortuary, kabla ya kufika hospitalini. Labda ndiyo maana wengi huiona hospisi kama kituo cha mwisho na kuikimbia. Mwaka 2010 utafiti wa Boston ulionyesha kinyume: wagonjwa wa saratani ya mapafu walioanza tiba shufaa mapema waliishi miezi 11.6, wengine miezi 8.9, ingawa walipewa tiba kali chache zaidi mwishoni.

Neno linalotumika kwa Kiingereza na Kifaransa kwa maana ya "tiba shufaa" lilianzishwa katika miaka ya 1970 na Balfour Mount wa Montréal. Alikuwa daktari mpasuaji.

> Muuguzi anayembadilisha mgonjwa shuka usiku anaona ambayo mpasuaji wa saa mbili asubuhi haoni.

Maswali ya kwenda nayo

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, familia ina haki ya kuuliza haya, na mgonjwa akiwepo ikiwa anataka:

• Upasuaji huu unakusudia kuponya au kuleta nafuu? Nafuu ya nini hasa?

• Mambo yakienda vibaya, atakuwa na muda gani? Yakienda vizuri? Na wengi walio kama yeye?

• Siku ngapi kati ya hizo zitakuwa za hospitali?

• Asipopasuliwa, kuna njia gani nyingine, na mofini itapatikana wapi?

• Kama kuna jambo lisiloweza kusubiri, lifanywe lini?

Swali la mwisho ndilo ambalo hatukuuliza. Daktari akisema "pengine mwaka, lakini mmoja kati ya kumi hamalizi miezi mitatu", hajamvunja mtu moyo. Amempa mwaka wa kutumaini na miezi mitatu ya kupanga.

Mjomba angelielewa hilo bila kufafanuliwa. Hakuwahi kukata sare ya mtoto kwa kipimo kamili. Aliacha pindo nene chini ya suruali na akiba ya kitambaa kwenye mishono, kwa kuwa hakujua mtoto atarefuka kiasi gani kabla ya mwaka kuisha. Yeye mwenyewe alikatiwa mwaka usio na pindo.

Baada ya mazishi nilipewa daftari lake la oda ili nizirudishe arubuni. Oda 23, kila moja na jina la mtoto, kiuno, urefu na kiasi kilicholipwa. Ukurasa wa mwisho haukuwa wa oda. Aliandika mstari mmoja kwa kalamu ya risasi, akaupigia mstari chini: Nauli Vihiga, Desemba, watu wanne.